Sikwenda kutalii: majibu kwa ndugu walioona picha za Alaska

Ndugu zangu, nimesharudi Fairbanks, mji wa Alaska ninakosoma, na nimekuta kundi la familia limechafuka. Zile picha nilizotuma mwezi wa saba zimezua maneno. Binamu yangu wa Korogwe anasema Wamarekani wananilipa dola nikatalii. Shangazi anauliza ninaswalije mahali ambapo jua halizami. Mama anataka kujua nililala na nani porini. Mjomba, kwa ustaarabu wake, ameuliza tu kama kuna nafasi ya kijana wake. Nawajibu wote kwa pamoja, na kwa ajili ya presha ya mama, naomba asisomewe ile sehemu ya dubu.

Nianze na utalii. Mimi nasomea udongo, na udongo wa huku unachimbika kiangazi tu. Kwa hiyo masomo darasani yakiisha, profesa anatukusanya sisi wanafunzi wake na kutupeleka Toolik, kituo cha utafiti kilicho kando ya ziwa, upande wa kaskazini wa milima ya Brooks. Kilianzishwa mwaka 1975 na kinaendeshwa na Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks. Kutoka mjini ni karibu kilomita 600, na sehemu kubwa ya safari ni barabara ya Dalton, ambayo ilichongwa mwaka 1974 ili malori yapeleke vifaa vya kujenga bomba la mafuta la kutoka visima vya Prudhoe Bay, pwani ya kaskazini. Mpaka leo wenye barabara ni madereva wa malori. Lori likija mbele yako unapunguza mwendo na kusogea pembeni, maana changarawe inayorushwa na tairi zake haijui kioo cha nani. Ukishapita kituo cha Coldfoot hutaona kituo cha mafuta mpaka Deadhorse, mwisho wa barabara, zaidi ya kilomita 380. Tulibeba tairi za akiba mbili na redio ya kuongea na hao madereva.

Bomba lenyewe linafuatana na wewe njia nzima, na zaidi ya nusu ya urefu wake limeinuliwa juu ya nguzo. Sababu ya kuliinua ndiyo sababu ya kazi yangu. Chini ya yale majani mliyoyaona kwenye picha, ardhi imeganda mwaka mzima, tena si kidogo. Huko Prudhoe Bay mgando unashuka zaidi ya mita 600. Huku wanauita permafrosti. Kiangazi kinayeyusha tabaka la juu tu, makumi machache ya sentimita ambayo hata jembe la mkono lingeyamaliza. Mafuta yanatoka kisimani yakiwa na moto, kwa hiyo bomba likilazwa juu ya mgando huo, utayeyuka na bomba litazama. Ndiyo maana nguzo nyingi zina mirija inayotoa joto ardhini na kulitupa hewani.

Ndani ya mgando huo kuna mabaki ya mimea ya maelfu ya miaka ambayo hayajapata nafasi ya kuoza. Kaboni iliyofungiwa humo, ukijumlisha nchi zote za kaskazini, ni takriban mara mbili ya ile iliyoko hewani leo. Mgando ukiyeyuka, vijidudu vinaanza kula na gesi inapanda. Kwa hiyo watu wanataka kujua kila mwaka: umeyeyuka kiasi gani?

Na jibu linapatikanaje? Hapo sasa, binamu, ndipo utalii wangu ulipo. Unashika fimbo ya chuma yenye alama za sentimita. Unaidunga ardhini mpaka igote barafu. Unasoma: 38. Mwenzako anaandika. Unasogea hatua, unadunga tena: 41. Unasogea. 35. Siku nzima. Kesho unaanza kiwanja kingine. Mvua ikinyesha mnaandika kwa penseli kwenye daftari lisiloloa, na baridi ikizidi vidole vinakataa kushika penseli. Mwezi wa saba huohuo niliwahi kuvua koti kwa joto asubuhi na kufikia jioni theluji ikaniangukia begani.

Kutembea kwenyewe ni kazi nyingine. Tundra, yaani hii nchi ya baridi isiyo na miti, kwa mbali ni zulia, lakini ukiingia unakuta nyasi zimejifunga mafungu mafungu yanayoyumba, na katikati yake maji. Fikirieni kuvuka shamba la kabichi la kule Lushoto, kila kabichi iwe imelegea kwenye shina, na msikanyage udongo. Kilomita mbili za hivyo, na gambuti, na mzigo mgongoni, zilinichosha kuliko kupanda kutoka Mombo kwa miguu.

Kiwanja chetu kimoja kilikuwa kwenye eneo lililoungua mwaka 2007, karibu na mto Anaktuvuk. Huko tulipelekwa kwa helikopta, na picha yake ndiyo iliyowatoa watu roho. Ule moto uliwashwa na radi ukala zaidi ya kilomita za mraba 1,000 za tundra, mahali ambapo wengi hawakudhani moto unaweza kukaa hivyo. Majani yamerudi, ukipita juu utasema hakuna kilichotokea. Ila ukitazama vizuri kuna sehemu ardhi imedidimia, kwa sababu barafu iliyokuwa imeishikilia haipo. Kwa kweli hiyo ndiyo siku pekee ambayo sikulalamika kuhusu fimbo.

Mbu. Msiniambie kuhusu mbu wa Pangani. Wa huku hawana malaria, na nafikiri Mungu aliona inatosha. Wanakuja kwa wingu, wanaingia kwenye chai, wanaingia puani. Unavaa chandarua cha kichwa kuanzia kofia mpaka mabegani. Mimi nilikuwa nakivaa juu ya ushungi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Marekani kila mtu alikuwa amejifunika kunizidi. Upepo ukivuma wanapotea, na hapo ndipo nilipojifunza kuushukuru upepo wenye baridi.

Shangazi, kuhusu swala. Kule Toolik jua halizami kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka katikati ya Julai. Linazunguka tu, linashuka upande wa kaskazini, linapanda tena. Nilimpigia sheikh wetu kabla sijaenda. Akanikumbusha hadithi ya siku za Dajali, siku moja ndefu kama mwaka, masahaba walipouliza swala zitakuwaje na Mtume (s.a.w.) akawaambia wakadirie. Wapo wanaokadiria kwa saa za mji wa karibu wenye usiku na mchana unaotofautika, wapo wanaofuata saa za Makka. Mimi nilifuata Makka, nikaweka kengele kwenye simu. Na kibla, utashangaa: ni karibu kaskazini moja kwa moja, kwa kuwa njia fupi ya kwenda Makka kutoka Alaska inapita juu kabisa, jirani na ncha ya dunia. Sisi Lushoto tunaelekea kaskazini, na huko nilielekea kaskazini. Kwa saa za Alaska jua linakuwa kaskazini hasa mnamo saa nane usiku, kwa hiyo mara nyingine niliswali huku linanipiga machoni.

Mwanga huo ndio ulionitesa, si baridi. Mwili haujui saa ya kulala. Unasema nimalizie kazi kidogo, unatazama saa, kumbe ni saa tisa usiku. Wiki za mwanzo nilikuwa na hasira bila sababu, nilimjibu mwenzangu vibaya kwa ajili ya kijiko. Baadaye nikawa nafunga kitambaa machoni saa nne kamili, nisikie usingizi nisisikie.

Mama, kituoni nililala kwenye hema kubwa la wanawake lenye vitanda. Tukienda mbali kila mtu na hema lake dogo. Choo ni cha shimo, tena safi kuliko cha stendi nyingi ninazozijua. Kuoga ndiko kulikonipa tabu: mara mbili kwa wiki, dakika mbili kila mara, kwa sababu maji machafu hayamwagwi pale, yanachukuliwa na lori. Dakika mbili kwa mwenye nywele kama zangu! Namshukuru aliyejenga kile chumba cha mvuke kando ya ziwa.

Dubu wapo. Nilimwona mmoja mkubwa wa kahawia akichimba panya upande wa pili wa bonde, tukaghairi njia. Mnafundishwa kabla ya kwenda: mtembee pamoja, mpige kelele ili asishtuke, chakula kifungwe kwenye mapipa mbali na hema, na kila mtu ana kopo la pilipili ya kumpulizia dubu kiunoni. Kelele zangu zilikuwa nyimbo za harusi za kwetu. Lakini wenyeji wa kazi hii hawaogopi dubu sana, wanaogopa kulowa. Mvua ya nyuzi tano ikikupata bila nguo kavu, unaanza kutetemeka, kisha unaacha kutetemeka, na hospitali ni ndege mpaka Fairbanks.

Sasa hela, maana najua wengi mmeruka mpaka hapa. Sikulipwa chochote cha ziada. Profesa ananilipia ada na kunipa posho ya mwezi, na posho ni ileile niwe darasani au porini. Inatosha kodi, chakula na nauli. Nilichookoa kiangazi ni chakula, kwani kambini unalishwa, na kile nilichookoa kilikuwa kimeshaliwa na buti na koti la mvua kabla sijaondoka mjini. Wanaotafuta hela ya kiangazi Alaska wanakwenda kwenye viwanda vya samaki, Bristol Bay na kwingineko, wanasimama kwenye maji baridi hadi saa 16 kwa siku wakati samaki aina ya samoni wanapoingia. Huko ndiko kubeba boksi kwenyewe, na viza yangu ya masomo hainiruhusu kujiendea tu.

Raha ilikuwepo, sitawadanganya. Haikuwa kwenye picha mlizopenda. Ilikuwa siku za mapumziko, tukipanda mpaka karibu na Atigun, kwenye ile milima ya Brooks, nakaa juu ya jiwe natazama kondoo pori weupe kwenye mteremko, na hakuna mtu duniani anayejua niko wapi isipokuwa wale wanne tulioandikishana kwenye ubao. Nyumbani sikuwahi kuwa peke yangu kiasi hicho. Nilidhani nitaogopa. Mwezi wa nane majani yakawa mekundu, matunda ya bluu yakaiva chini kila mahali, tukala mpaka meno yakabadilika rangi. Usiku ulirudi pia, na nilifurahia giza kama mtoto wa mjini anavyofurahia umeme.

Mjomba, nafasi ya kijana wako. Haiji kwa mimi kuongea na mtu. Aandikie maprofesa mwenyewe, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kabla dirisha la maombi halijafungwa, na asiandike barua moja kwa watu ishirini. Asome kazi ya mmoja, aseme yeye Morogoro alipima nini, wapi na kwa kifaa gani. Amewahi kuchimba mashimo ya udongo Uluguru kwenye matope; hilo wanalithamini kuliko anavyodhani. Anitumie rasimu nimrekebishie Kiingereza, ila asinitumie usiku wa siku ya mwisho.

Na mnaouliza kama nakuja Desemba: siji. Sababu ya kwanza ni nauli, ya pili ni udongo. Tumerudi na vipande vyake vimejaa friza mbili, na vyote vinatakiwa kukatwa, kukaushwa na kupimwa kabla ya kiangazi kijacho. Zile picha mlizoziona zilikuwa sehemu fupi ya kazi. Mama, koti ulilouliza ninalo, lile la bluu.