Taa nyekundu ikiwaka, tuliza mkono

Wadogo zangu mnaoanza kukalia kiti cha kulia, kile cha rubani msaidizi, nianze na aibu yangu. Nilikuwa mwezi wa pili wa mafunzo, tuko kwenye simuleta, chumba cha mazoezi kinachoiga ndege, ndege ndiyo kwanza inaacha ardhi, mwalimu akaniulia injini ya kushoto. Kengele ikalia, pua ikavutwa kushoto, na kabla kapteni hajasema lolote mkono wangu ulishafika kwenye wenzo wa nguvu wa injini ya kulia, ile nzima. Mwalimu akaisimamisha simuleta, akatoka kwenda kunywa chai. Tulibaki mle wawili, kapteni na mimi, kimya.

Baadaye ndipo nikasoma vizuri habari za Kegworth, Uingereza, 8 Januari 1989. Panga moja la feni ya injini ya kushoto ya Boeing 737-400 lilikatika. Ndege ikatetemeka, moshi ukanusika. Marubani wakaamua mbovu ni ya kulia. Kilichowaponza ni kwamba walipoipunguza nguvu hiyo ya kulia, mtetemo nao ulipungua, wakaona wamepatia, wakaizima. Kapteni alianza kuzipitia dalili upya, redio ikamkatiza. Aliwatangazia abiria kwamba tatizo liko kulia, na nyuma kule walikuwapo walioona moto upande wa kushoto, lakini hakuna aliyekwenda kumwambia. Wakikaribia uwanja, ya kushoto nayo ikafa. Watu 47 walipoteza maisha.

Wazee wa kazi hii wana utani: dharura ikitokea, kwanza tia saa yako ufunguo. Saa za namna hiyo ni chache siku hizi, ila maana imebaki: ipe mikono kazi isiyodhuru mpaka kichwa kifike. Mmoja arushe ndege, na itamkwe kwa sauti ni nani. Kengele izimwe ili msikilizane. Soma kilichoandikwa kwenye skrini, si unachokidhani. Ukitaka kuvuta wenzo wa injini, ushike bila kuusogeza, sema "ya kushoto", ngoja mwenzako aangalie na aitikie. Waongozaji wa ndege wa chini wakiwasakama kwa maswali, waambie wasubiri, watasubiri.

Na kama huyo mwenzako ni kapteni mwenye mvi na unaona anakosea, usimung'unye maneno. "Kapteni, hiyo ni ya kulia." Basi. Adabu tuliyolelewa nayo ya kutomkatiza mkubwa iache pale kwenye ngazi, utaikuta ukishuka.

Yapo yasiyongoja. Hewa ikitoka ndani ya ndege, barakoa ya oksijeni kwanza, maswali baadaye. Moshi usiojulikana unakotoka, elekea uwanja wa karibu huku chekilisti, orodha ya hatua za dharura, ikisomwa. Lakini mengi yanangoja, na madogo ndiyo yanayonitisha mimi. Karibu na Miami, 29 Desemba 1972, taa ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka haikuwaka. Marubani wote wa Lockheed L-1011 wakazama kwenye kile kibalbu, wasione kwamba ndege inashuka polepole gizani hadi ikaingia kwenye kinamasi. Watu 101 walikufa. Gurudumu lilikuwa limeshuka kama kawaida. Balbu ndiyo iliyoungua.

Mkishatua, haraka hurudi tena, maana kila mtu anataka kutoka. Hapo mkumbukeni kapteni Richard de Crespigny wa Qantas, shirika la ndege la Australia. Tarehe 4 Novemba 2010, injini namba 2 ya ndege yake, Airbus A380, ilipasuka muda mfupi baada ya kuondoka Singapore, ikiwa na watu 469. Walitumia kama dakika 50 wakipitia ujumbe wa hitilafu mmoja baada ya mwingine, ndipo wakarudi kutua. Chini, mafuta yakawa yanavuja karibu na breki zilizochemka, na injini namba 1, ya kushoto, ikakataa kuzimika. Nani asingefungua milango na kutoa mateleza ya dharura ili watu washuke? Wao waliona hatari zaidi ni kuwamwaga watu kwenye mafuta kando ya injini inayonguruma. Wakawabakisha ndani, zimamoto wakamwaga povu, ngazi zikaja upande wa kulia. Hakuna aliyeumia.