Jiwe la urani kabatini, litalipuka?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mjomba wangu alienda vibarua kule Namtumbo akarudi na jiwe, anasema lina urani, kaliweka kwenye kabati la sebuleni. Naogopa lisije likalipuka kama bomu la Hiroshima. Au likikaa miaka 10 mionzi itaisha yenyewe? – Msomaji, Songea

JIBU: Marahaba. Kulipuka halilipuki, hiyo hofu toa kabisa. Kwenye urani inayochimbwa ardhini, ile aina inayopasuka kirahisi, yaani urani 235, ni kama 0.7% tu, iliyobaki karibu yote ni 238 na hiyo ikipigwa na nyutroni (chembe ndogo za ndani ya atomu) mara nyingi inaimeza tu basi. Bomu linataka 235 iliyochambuliwa ikarundikwa pamoja, kiini kimoja cha atomu kikipasuka kinatoa nyutroni 2 au 3, hizo zinaenda kupasua vingine navyo vinatoa zingine, na yote hayo hata sekunde haijatimia.

Ila kuna mahali mwamba ulijiwasha wenyewe, usicheke, ni Oklo kule Gabon. Mwaka 1972 Wafaransa walikuta urani ya huko ina 235 pungufu, 0.717% badala ya 0.720%, kafuatilie sasa, kumbe karibu miaka bilioni 2 iliyopita 235 ilikuwa bado kama 3%, maji ya ardhini yakaingia yakapunguza kasi ya nyutroni zikawa zinanaswa na 235, viini vikaanza kupasuka, mwamba ukipata moto maji yanageuka mvuke na mpasuko unakata, ukipoa maji yanarudi unaanza upya. Na hata huko hakukulipuka kitu.

Sasa hiyo miaka 10 yako... urani 238 inataka miaka bilioni 4.5 ipungue nusu, yaani tangu dunia iwepo ndo kwanza nusu imekata. Na haizimiki, uichome uigandishe, kiini kinatupa chembe ya alfa kinageuka thoriamu, kinaendelea kubadilika hivyohivyo mpaka kinatulia kikiwa madini ya risasi.

Shida iko hapo katikati, maana njiani inapita radoni ambayo ni gesi. Alfa ikiwa nje ngozi inaizuia, lakini ukivuta vumbi au hiyo gesi inaunguza mapafu kutokea ndani. Kwa hiyo mjomba asilitwange kuwaonyesha wageni (wajomba tunawajua), watoto wasilishike, litoke sebuleni, na waiteni watu wa Tume ya Nguvu za Atomu walipime, maana inawezekana hata urani yenyewe haimo.