Dada, usimpe huyo kijana madumu!

Usitoe hata dumu moja Jumamosi. Nimesoma kwamba unataka nyumba isiwe na plastiki kabisa, umeshamwita kijana wa mkokoteni abebe ndoo, madumu na mabeseni yote, na unauliza ununue vyombo gani badala yake, pamoja na habari ya nepi za mtoto na miswaki. Majibu ya wenzangu sijayasoma. Nimekimbilia kuandika kwa sababu jambo hilohilo nililifanya mimi, Tabata, mwanzoni mwa Oktoba 2022.

Nilikuwa na madumu 9 ya lita 20, pipa bafuni, ndoo 4 na mabeseni. Karibu yote mazima. Yale madumu yalikuja na mafuta ya kula enzi mama anauza maandazi, yalishatutumikia zaidi ya miaka 10. Nikayagawa kwa siku moja. Nikanunua ndoo 3 za bati, mtungi wa udongo na chupa za vioo. Laki mbili na themanini ikaondoka.

Mwisho wa mwezi huohuo Mto Ruvu, unaoleta maji mjini, ukapungua kwa ukame, jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Mliokuwepo Dar mnakumbuka. Kwetu maji yalikuwa yanatoka usiku wa manane, na siku hizo anayepata maji ni mwenye vyombo. Naamka saa nane, najaza ndoo zangu tatu, nafunga bomba huku maji yanatoka kwa nguvu na sina pa kuyaweka. Upande wa pili wa ukuta namsikia jirani anakinga, dumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Madumu yangu. Aliponiona asubuhi nimebeba ndoo kutafuta maji akanirudishia mawili bila kuombwa, Mungu ambariki. Hata maji ya mkokoteni yalinishinda, kwa sababu muuzaji hakuachii dumu lake, anamimina kwenye chako na kuondoka. Wiki ya pili nikaenda kununua madumu 6. Mapya! Yaani kampeni yangu ya kuondoa plastiki iliishia kuingiza ndani plastiki ambayo haikuwepo.

Ndoo za bati nazo, maji ya kisima cha mtaani kwetu yana chumvi, kufika masika zilishakula kutu chini. Mtungi ndio uliodumu, na maji yake ni matamu na baridi mpaka leo. Mabeseni mawili yaliyokuwa na ufa niliyakuta mwenyewe yamelala kwenye mtaro nyuma ya soko. Niliumia sana, maana yangekuwa kwangu yangekuwa yanaloweka nguo.

Aliyenipoteza ni dada mmoja mwenye mafunzo ya nusu siku, kila mtu elfu hamsini. Alisimama akasema kila cha plastiki kitoke leo, nyumba ianze upya. Tulipomaliza ikafunguliwa meza ya vyombo, na muuzaji ni yeye. Hakuuliza hata mmoja wetu kama kwake maji yanatoka kila siku. Mifuko aliyotuuzia kuwa si plastiki ilikuwa ile laini inayofanana na kitambaa, iliyojaa madukani baada ya rambo kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kata kipande ukichome. Kinayeyuka na kudondosha matone, kwa sababu ni polipropilini, plastiki ileile ya viroba vya mchele. Pamba ingeungua ikawa majivu. Mtu anakutoza hela akufundishe kuikimbia plastiki, halafu anakuuzia plastiki mlangoni. Hilo sijamsamehe.

Kwa hiyo dada, shika hili moja: plastiki iliyokwisha kuingia ndani itumie mpaka ipasuke, pambana na inayotaka kuingia. Wiki moja tu kusanya kwenye sanduku kila kifuko cha nailoni kinacholetwa nyumbani. Vya nyanya, vya karanga, vya chipsi, na chupa za maji. Mimi nilipoona lile rundo nilijua adui hakuwa dumu la mama. Sasa sokoni naenda na kikapu cha ukili na vifuko nilivyoshona kwa vipande vya kanga, mwenye genge anamimina maharage humohumo. Chipsi namtuma mtoto na hotpoti. Muuzaji alinung'unika siku mbili tatu, sasa akimwona anafungua mfuniko mwenyewe. Samaki wa soko la Feri narudi nao kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ya mwaka juzi, na sioni aibu yoyote.

Mpigie huyo kijana leo hii, usingoje Jumamosi. Na kama una pipa bafuni, mwambie kabisa asiliguse.