Kabla hujaupa mmea wako jina

Juzi msomaji mmoja amenitumia picha ya ua la Impatiens, jenasi ya mimea ya maua, kutoka msitu wa mawingu, akiamini ni spishi mpya, na swali: "Jina ninalo tayari, nichapishe wapi?" Nimelisoma mara tatu. Niliwahi kuuliza hivyohivyo, tena kwa majivuno.

Mmea wangu wa kwanza niliukuta juu ya gogo lililooza, ukungu umetanda hata mwenzangu simwoni. Kabla hatujashuka nilishaupa jina la mama yangu. Nilichukua shina moja lenye maua mawili, nikalibana kwenye magazeti. Mvua haikukatika. Sampuli ikaota kuvu, rangi ikapotea, nami sikuwa nimeiandika popote. Nilipeleka makala hivyohivyo. Mhakiki akajibu kwa mistari minne: mmea huo una jina tangu karne ya 19, na sampuli yake imo katika hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) niliyokuwa nikipita mlangoni kila siku. Alisema kweli. Mistari ile inaniuma hadi leo.

Wiki iliyopita, baada ya miaka sita, spishi yangu nyingine imechapishwa, na safari hii nilianzia hebaria. Mdogo wangu, anzia huko. Pekua IPNI, orodha ya kimataifa ya majina ya mimea, kisha zitazame kwa macho yako sampuli za spishi zote jirani. Picha haitoshi! Andika rangi ya ua ungali msituni. Maua ya Impatiens yanasinyaa upesi, kwa hiyo mengine yatie kwenye chupa ya spiriti. Magazeti yenye mimea yaloweke spiriti ndani ya mfuko uliofungwa, hayataota kuvu hadi ufike penye moto wa kukaushia. Chukua nakala kadhaa kama mimea ni mingi. Ikiwa michache, iache izae.

Kanuni zenyewe si ngumu. Tangu 2012 maelezo ya utambuzi yanaweza kuwa ya Kilatini au Kiingereza, na jarida la mtandaoni lenye ISSN (namba ya kimataifa ya majarida) linakubalika likitoa PDF. Lazima uteue sampuli moja kuwa holotaipu, yaani sampuli rasmi inayobeba jina la spishi, na utaje hebaria inakohifadhiwa. Mahali penyewe usipaanike kwa usahihi wa mita, wako watu wanaong'oa mimea adimu ili wauze. Mimi nimetaja mlima na mwinuko, basi.

Rudi kwenye hebaria kwanza, mdogo wangu, halafu uniandikie: matunda yake umeyaona?