Kompresa inaungua, feni inazunguka

Kila ikifika Februari, joto la Pwani likishika kweli, maswali ninayoletewa yanakuwa ya ukoo mmoja: kompresa inachemka, mota inakata, upepo unatoka wa moto. Nimechagua machache, mengine nimeyafupisha. Karibu wote mmeniuliza feni gani mnunue. Wengi wenu feni mnayo tayari, ila upepo wake unapita pembeni.

Shikamoo fundi. Naziba pancha hapa Kimara. Kompresa yangu ni ya mkanda, hospawa 3, tangi lita 100. Niliihamishia ndani ya kontena kwa kuogopa wezi, na tangu hapo ikifanya kazi dakika ishirini hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, haishikiki kwa moto na mota inajizima. Nimeweka feni ya mezani inaipuliza kwa mbele, lakini wapi!

Marahaba. Hospawa 3 ni kama wati 2,200, na karibu umeme wote huo unaishia kuwa joto: kwenye silinda, kwenye bomba la kutolea, kwenye mota yenyewe. Maana yake umewasha pasi mbili za umeme ndani ya boksi la chuma lililoanikwa juani, kisha ukafunga mlango. Feni yako ya mezani inachukua hewa ya moto ya kulia na kuipeleka kushoto.

Toboa kontena sehemu mbili. Tundu la kwanza liwe chini, upande wenye kivuli, mbele ya flaiwili, lile gurudumu kubwa la pampu linalozungushwa na mkanda. La pili liwe juu, upande wa pili kabisa, na ile feni uihamishie hapo ikivuta hewa kwenda nje. Matundu yasiwe madogo kuliko flaiwili yenyewe, na uweke nondo na wavu kama wezi ndio hofu yako. Halafu uisogeze mashine. Najua umeisukumia ukutani kuokoa nafasi, na bila shaka upande wa flaiwili ndio umeelekea ukuta. Acha nusu mita, vinginevyo hiyo flaiwili inapumua pua imezibwa.

Ukitaka kuongeza jambo moja, toa filta ya kuvutia hewa nje ya kontena kwa bomba. Kwa kila nyuzi 3 hewa inayoingia inapokuwa ya moto zaidi, unapoteza kama asilimia 1 ya upepo unaoingia tangini, kwa umeme uleule. Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, na mdomo wake ulinde na mvua.

Habari mwalimu. Niko Changamwe, Mombasa, napiga magari rangi. Mota ya fezi tatu iliungua nikanunua mpya. Ajabu ni kwamba tangu mpya ifungwe, pampu inachemka kuliko zamani. Mota ni mbaya?

Mota yako huenda haina kosa. Inazunguka kinyume.

Itazame mikono ya flaiwili. Kwenye pampu nyingi haikutengenezwa bapa bali imepinda kama mapanga ya feni, kwa sababu hiyo flaiwili ndiyo feni. Ikizunguka upande wake inasukuma hewa juu ya silinda. Ikigeuka, upepo nao unageuka, na unaofika kwenye mapezi, zile mbavu za silinda zinazotoa joto, ni wa kubahatisha. Kompresa itajaza tangi kama kawaida, maana pistoni haijali upande, ndiyo sababu hukushtuka. Tafuta mshale kwenye flaiwili au kwenye kava ya mkanda. Kama umefutika, funga uzi wa cherehani kwenye ncha ya kijiti kirefu, usimame kando, uushike kati ya flaiwili na silinda, nje ya kava. Uzi uelekee silinda. Ukilala kuelekea flaiwili, mwite fundi umeme akate umeme kabisa na abadilishane waya mbili kati ya zile tatu. Ni kazi ya dakika kumi. Usiichelewe, kwa sababu baadhi ya pampu hurusha oili kwa kijiko kilichopinda upande mmoja, na zikizungushwa kinyume oili nayo haipandi vizuri.

Kisha kwa kuwa unapiga rangi, nina hakika mapezi ya silinda yako yana ukoko. Vumbi la rangi na oili vikikutana vinakuwa kama lami. Mashine ikiwa imepoa na umeme umezimwa, chokonoa kila mfereji kwa kijiti na brashi, pangusa na dizeli, acha pakauke. Na tafadhali usiipake silinda rangi nzito ipendeze. Nimewahi kuletewa pampu iliyopakwa koti tatu za rangi ya bluu ya kung'aa, mwenyewe kajivunia kweli, na mapezi yameshikana kama vidole vya bata.

Kompresa yenyewe isikae chumba kimoja na kazi ya rangi. Moshi wa thina na cheche za swichi havikai pamoja.

Mimi niko Mbeya. Huku ni baridi, asubuhi tunavaa makoti. Kwa nini kompresa yangu inachemka sawa na ya ndugu yangu aliyeko Dar?

Swali hili limenifurahisha. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ya huko uko chini kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo hewa yenyewe ni nyepesi. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo inapopita kwenye mapezi. Tena kuifikisha bar 8 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) unaikandamiza mara kumi na zaidi, wakati Dar ni kama mara tisa. Nilipiga hesabu ya vitabuni, ya mashine ya hatua moja, yaani inayokandamiza hewa mara moja tu, isiyopoteza joto lolote: hewa ya Dar inayoingia na nyuzi 30 na ya Mbeya inayoingia na nyuzi 15 zote zinatoka na nyuzi 290 na ushee. Mashine halisi hutoka chini ya hapo, lakini umeona: baridi yako yote imeliwa na mlima. Mota nazo kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mwinuko usiozidi mita 1,000. Ukihitaji bar 6 tu, rekebisha swichi ikatie 6. Kwa mashine inayofuata, nunua ya hatua mbili yenye bomba la kupozea kati ya silinda kubwa na ndogo.

Vijana wangu hapa Tanga hutandika gunia bichi juu ya hedi kukiwa na kazi nyingi. Kweli inapoa. Kuna ubaya?

Upo, tena wa aina tatu. Chuma cha kusubu kikiwa cha moto kikamwagiwa maji kinaweza kupasuka, na ufa wa hedi hauzibiki kwa gundi. Maji yanatiririka hadi kwenye mota. Na gunia likikauka, ambalo litakauka kijana akienda kunywa chai, ni blanketi.

Badala ya gunia, tengeneza koti la bati. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo dawa rahisi kuliko zote na hakuna anayeiuliza.

Hewa ni mvivu. Ukiipulizia silinda, itazunguka pembeni palipo wazi, haitajibana kuingia kwenye mifereji kati ya mapezi. Feni kubwa zaidi maana yake ni hewa nyingi zaidi inayokwepa. Waliotengeneza Volkswagen Beetle ya zamani, gari lisilo na rejeta, walilijua hilo: injini yake ina feni, lakini pia ina mabati yanayozibana silinda ili upepo ukose pa kukimbilia. Fundi akifungua injini ile akasahau kurudisha mabati, ataipika.

Chukua bati jembamba, nenda kwa fundi bati na vipimo. Likumbatie silinda kushoto na kulia, nafasi kati ya bati na ncha za mapezi isizidi upana wa kidole kidogo. Upande wa flaiwili mdomo uwe mpana kama faneli, ukusanye upepo. Nyuma pawe wazi, tena nafasi ya kutokea isiwe ndogo kuliko ya kuingilia. Wengi hukosea hapo, wanatengeneza sanduku badala ya njia. Likazwe kwa boliti na washa za mpira mgumu mbali na sehemu za moto, lisitetemeke likagusa mkanda, na liweze kutoka bila kufungua hedi. Kava ya mkanda irudi mahali pake.

Kisha pima, usiamini kiganja. Vile vipimajoto vya kuelekeza kama bastola vilivyojaa wakati wa Korona havikufai, vingi vinaishia joto la mwili. Tafuta cha viwandani. Aluminiamu inayong'aa hukidanganya kisome chini, kwa hiyo paka doa dogo jeusi linalostahimili joto kwenye hedi, upime hapohapo kila mara: kabla ya koti na baada, muda uleule wa kazi, bar zilezile.

Nimesafisha mapezi, nimeweka feni, nimebadili chumba. Bomba la kwenda tangini bado linaunguza, na tangi linajaa kwa muda mara mbili ya zamani.

Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo jibu. Valvu ya kutolea haifungi. Hewa iliyokwisha kandamizwa inarudi silindani ikiwa ya moto, inakandamizwa tena, inapanda joto tena. Hakuna feni itakayoshindana na hilo. Fungua hedi, utaona sahani ya valvu imevunjika au imejaa masizi. Ukikuta masizi, niambie kwanza unatumia oili gani. Wengi humimina ya injini ya gari kwa kuwa iko karibu. Ina dawa za kuosha injini ambazo kwenye valvu za moto huacha ukoko. Tumia ya kompresa. Kwa joto letu, namba 100 ndiyo ya kawaida. Na bomba la kutolea lisibadilishwe kamwe kwa mpira au plastiki.

Naosha magari Morogoro. Pampu ya pistoni tatu inachemka nikiongea na mteja.

Pampu hiyo inapozwa na maji yanayopita ndani yake. Ukiachia bastola mota ikiendelea, maji yaleyale yanazunguka kwenye baipasi, ile njia ya kuyarudisha nyuma, hadi yanachemsha sili. Zima mota, au elekeza baipasi irudi kwenye pipa badala ya mdomo wa pampu.

Pampu ni ya kawaida lakini mota ndiyo inaunguza. Natumia waya wa kuunga wa mita 40.

Weka mita ya volti kwenye mota yenyewe wakati inavuta, si kwenye soketi. Ukisoma 180 badala ya 230, nguvu ya kuzungusha imebaki kama asilimia 61, na mota inafidia kwa kunywa ampia zaidi. Hamisha kompresa karibu na mita ya umeme, kisha nunua mpira wa upepo wa mita 40.

Feni ya plastiki ya nyuma ya mota imevunjika mapanga mawili. Niendelee nayo hadi mwisho wa mwezi?

Hapana. Linganisha bei yake na ya kusuka mota upya, kisha uende dukani leo. Chukua na kipimo cha shimo la shafti, zinafanana kwa macho lakini haziingiliani.