Kufuli la chumba cha mdogo wako

Kadutu, Bukavu

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa hasira: «Baba, ni kweli unamwacha mdogo wangu anywe kasiksi, pombe ya ndizi, hapo nyumbani, na mama anampakulia bugali? Si ndiko kumharibu?» Sikukujibu kwa sababu mama yako alikuwa karibu.

Kuna jambo tulikuficha. Mwaka jana, Ijumaa jioni, nilimfungia chumbani kwa kufuli. Niliambiwa siku tatu za maombi zinatosha, pepo wa pombe atamtoka. Jumapili alfajiri nikampelekea chai. Kikombe cha bati kikawa kinamgonga meno, chai yote ikaishia kifuani. Shuka imelowa jasho kama imetoka kwenye beseni. Akaniomba niwafukuze siafu ukutani; ukuta ulikuwa mtupu. Mara akaanguka, mwili ukakakamaa, akaanza kutupatupa miguu, damu ya ulimi mdomoni. Nilikimbilia kijiko nimtie kati ya meno. Jirani akanishika mkono: hapana, kinamvunja meno. Alipotulia tukamlaza ubavu.

Tukampeleka Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili. Najua hapa Bukavu ukitaja jina hilo, watu wanasema mtoto wa fulani amekuwa kichaa. Waseme. Muuguzi aliuliza alikunywa lini mara ya mwisho, akahesabu kwa vidole, akanitazama. Mwili uliozoea kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, kila siku kwa miaka, ukikatiwa ghafla, unaweza kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili, na baada ya hapo kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo mfukoni.

Walimpa Valium, dawa ya kutuliza, wakiipunguza siku kwa siku, na vitamini B1. Alirudi mzima. Miezi miwili hakuonja, kisha akarudia.

Kwa hiyo sifurahii ninachokiona. Kanyanga bado namkataza, maana hakuna ajuaye imechanganywa na nini, na metanoli hupofusha macho. Akinywa, iwe kasiksi, ameshakula, mahali ninapomwona. Tramadoli, ile dawa ya maumivu, au Valium juu ya pombe sitaki hata kusikia; vikikutana huweza kuzima pumzi. Akilala amelewa namgeuza ubavu, na usiku naamka kumtazama (uzee unaniamsha hata hivyo). Wala si kila kitu navumilia. Tangu auze sufuria kubwa ya mama yako, hata franka mia haipiti mkononi mwake.

Akitaka kuacha, tunapanda pikipiki tunarudi Sosame, hatumfungii. Majuzi amelitaja jambo hilo la kuacha mwenyewe, mara moja tu, akiparua samaki wadogo wa sambaza kwenye sahani. Sikuongeza neno, nisimtishe.

Kufuli sasa liko kwenye banda la kuku. Wewe usimtumie pesa kwenye simu. Mpigie yeye, si mimi, asubuhi kabla ya saa nne. Saa hiyo anasikia.

Baba yako