Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Upepo ya Bei Nafuu

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi na mume wangu tumekodi shamba dogo Lincolnshire, Uingereza, tunakofuga kuku na kulima kabichi. Panya wamevamia stoo ya chakula cha kuku, na njiwa wanamaliza miche. Natafuta bunduki ya upepo ambayo nitaitumia pia kujifunza kulenga shabaha, na tumetenga pauni 300. Jirani ananishauri nichukue yenye nguvu kuliko zote. Je, nimsikilize?
Mama Mfugaji, Lincolnshire

JIBU: Mama, katika hilo usimsikilize. England na Wales, bunduki ndefu ya upepo inayomilikiwa bila cheti cha silaha haipaswi kuzidi nguvu ya jouli 16 hivi, na bunduki nyingi za kawaida madukani zinakaribia ukomo huo. Kinachozitofautisha ni ulaini wa kifyatulio, ubora wa mtutu na jinsi bunduki inavyotulia mikononi mwako. Panya hufa papo hapo akipigwa kichwani, na risasi yenye nguvu iliyompata tumboni humpeleka kufia shimoni kwa mateso.

Kwa fedha zako, nakushauri bunduki ya springi ya kukunja mtutu, yaani ile ambayo unakunja mtutu wake ili kukaza springi inayosukuma upepo. Ziko pia zinazojazwa upepo kabla, ambazo hazina mtikisiko na ni rahisi zaidi kulenga, lakini huhitaji pampu maalumu au mtungi wa kufikisha shinikizo la takriban bar 200, na gharama hiyo ingekula bajeti yako yote. Mimi ningetafuta bunduki ya springi aina ya Weihrauch HW99S iliyokwisha kutumika na kutunzwa vizuri, kabla ya kufikiria bunduki mpya ya bei rahisi. Ni nyepesi, mtu wa umbo la wastani anaikunja bila kuhangaika, na kifyatulio chake kinasifiwa na walengaji wengi kwa haki.

Ukienda kuikagua, mwombe muuzaji aikunje mbele yako, kisha utazame kipete cha mpira kwenye maungio ya mtutu: kikiwa kimepasuka, upepo unavuja, ingawa kukibadilisha si gharama kubwa. Tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, kuna mtu ameifungua bila kuwa na ujuzi, na hapo ni afadhali uendelee kutafuta. Ukitikisa mtutu uliofungwa, usicheze hata kidogo. Na tangu siku ya kwanza jizoeze jambo hili: unapoingiza risasi, mkono mmoja uendelee kushika mtutu uliokunjwa, kwa sababu ukifyatuka utarudi kwa nguvu inayoweza kukuvunja vidole.

Kuhusu kipenyo, utaulizwa kama unataka milimita 4.5 au 5.5. Risasi ya 4.5 ina uzito wa karibu nusu gramu na hutoka kwa kasi ya takriban mita 240 kwa sekunde, hivyo njia yake hainami haraka na makosa ya kukadiria umbali hayakuadhibu sana. Ya 5.5 ina uzito wa gramu moja hivi, ni ya polepole, na wengi huipenda kwa panya wa karibu. Kwa kuwa utafanya mazoezi pia, ningechukua 4.5, ambayo ndiyo inayotumika katika shabaha ya mita 10 ya Olimpiki.

Kabla ya kumlenga mnyama yeyote, weka karatasi umbali wa mita 15, mbele ya kizuizi kinachozuia risasi kweli, na upige risasi 5. Zote zikiingia ndani ya duara la sarafu ya peni 10, rudi nyuma mita chache na urudie. Mahali ambapo risasi ya kwanza inatoka nje ya duara, umeshapita umbali wako wa kuwinda.

Kwa kuwa shamba ni la kukodi, pata ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi. Risasi isivuke mpaka wenu, na bunduki ifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki, kwani hilo ni sharti la sheria. Kumpiga panya hakuhitaji kibali, lakini njiwa wa porini analindwa, na anaweza kuuawa tu kwa kufuata masharti ya leseni ya jumla, yaani ruhusa ya serikali iliyo wazi kwa wote bila kuiomba, ambayo hudai kwanza ujaribu njia nyingine. Anza na wavu juu ya kabichi.

SWALI: Binamu yangu aliyeko Newcastle anataka kunipa bunduki yake ya upepo. Mimi naishi Glasgow. Kuna tatizo?
Msomaji, Glasgow

JIBU: Lipo. Tangu tarehe 31 Desemba 2016, Uskoti inadai cheti cha polisi kwa bunduki ya upepo yenye nguvu inayozidi jouli 1. Omba cheti kwanza, na bunduki ibaki Newcastle hadi utakapokipata.

SWALI: Nina bunduki nzuri ya springi, lakini risasi zinatawanyika kila upande. Nibadilishe darubini?
Msomaji, Leicester

JIBU: Bado. Kaza kwanza skrubu za kitako na za darubini, kisha ubadilishe namna ya kushika. Bunduki ya springi hupiga teke nyuma na mbele kabla risasi haijatoka mtutuni, kwa hiyo ukiibana kwa nguvu, au ukiilaza juu ya ubao mgumu, kila risasi huenda kwake. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, bega liiguse tu, uiache itikisike inavyotaka. Halafu nunua makopo madogo ya risasi za aina 3 au 4 tofauti na uzilinganishe kwenye karatasi, maana kila mtutu una risasi inayouafiki. Kama bado zinatawanyika, hakikisha darubini yako imetengenezwa kwa ajili ya bunduki za springi, kwa sababu mtikisiko huo wa pande mbili huziharibu zile za kawaida.